Profesa, Mfongo na Jani la Sale: Uchambuzi wa Kisa cha Mwalimu wa Saikolojia Moshi

Kisa hiki kinamhusu profesa wa saikolojia ya elimu anayefundisha katika chuo kikuu kimoja mjini Moshi na kuishi katika kihamba, yaani shamba la urithi, cha ukoo wake upande wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kimeandikwa kwa ridhaa yake. Jina lake, la chuo na la kijiji yameachwa, na mambo machache ambayo yangewatambulisha wengine yamebadilishwa. Maelezo yametoka kwake mwenyewe, kwa mkewe ambaye ni muuguzi, kwa wahadhiri wenzake wawili na kwa mzee mmoja wa kamati ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji.

Swali lililonisukuma kukiandika ni hili: mwalimu ambaye kufundisha kwake ni wito hupumzikia wapi, ikiwa watu anaowafundisha, anaosali nao na anaozika nao ni wale wale? Ushauri anaopewa kila mara ni kwamba atenganishe kazi na nyumbani. Nitaonyesha kwamba ushauri huo ulijaribiwa ukashindikana, na kwamba kilichomsaidia ni kupata mahali ambapo wengine walikuwa na mamlaka juu yake katika jambo asilolijua.

Alikotoka

Profesa alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa mtoto wa mwisho wa kiume, na kwa desturi ya Wachaga wengi ndiye aliyebaki na nyumba ya baba pamoja na kihamba chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Alianza shule ya msingi katika miaka iliyofuata Azimio la Musoma la 1974, wakati mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipojaza madarasa watoto na kuwaingiza kazini vijana waliomaliza darasa la saba, waliojifunza ualimu huku wakifundisha. Naye alipita njia ya ualimu: cheti, shule ya msingi, stashahada, kisha shahada ya elimu. Hakuna la ajabu katika safari hiyo, kwa kuwa hapa nchini saikolojia kwa muda mrefu imeingia vyuoni kupitia mlango wa elimu, na wengi wanaoifundisha leo walishika chaki kabla ya kushika vitabu vya nadharia.

Akiulizwa wito wake ulianzia wapi, husimulia habari ya mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akichapwa karibu kila wiki kwa kutonakili kazi ya ubaoni. Siku moja dawati la mtoto huyo lilivunjika, akahamishiwa mstari wa mbele, na kabla muhula haujaisha akawa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Alikuwa haoni mbali. Walimu wote, yeye akiwamo, walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa. Profesa anasema tangu siku hiyo alitaka kujua kinachotokea kwa anayejifunza kabla ya kumhukumu.

Simulizi hiyo naiamini, ila siichukui kama chanzo kamili. Mtu aliyeshika wito huyapanga upya mambo ya zamani ili yaelekee pale alipofika, na mkewe, aliyemfahamu tangu enzi hizo, anakumbuka vizuri kwamba kijana yule alikwenda kusoma shahada kwa sababu mshahara wa mwalimu wa msingi haukutosha kulea familia. Mume alipoyasikia maneno hayo alicheka na hakuyapinga.

Wito na gharama yake

Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowagawa wafanyakazi katika makundi matatu: wanaoiona kazi kama ajira ya kuleta riziki, wanaoiona kama ngazi ya kupandia cheo, na wanaoiona kama wito. Ninalolipa uzito katika utafiti huo ni kwamba hata makarani waliokuwa wakifanya kazi za kufanana waligawanyika karibu sawasawa katika makundi hayo, maana yake ni kwamba wito hauletwi na aina ya kazi peke yake. Katika idara ya profesa huyu wamo walio katika kila kundi, na si haki kudhani kwamba walio katika kundi la kwanza hufundisha vibaya. Mmoja wa wahadhiri niliozungumza nao alinieleza bila aibu kwamba yeye anafanya kazi ili alipwe, na wanafunzi wanamsifu kwa kurudisha kazi zao zikiwa zimesahihishwa kwa wakati.

Profesa yumo katika kundi la tatu bila shaka yoyote. Amekataa ukuu wa idara zaidi ya mara moja kwa sababu ungempunguzia vipindi. Kozi yake kubwa ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi zaidi ya 400, baadhi yao wakifuatilia mhadhara wakiwa wamesimama mlangoni. Juu ya hiyo ana wanafunzi wa uzamili wa kusimamia, na kuanzia Julai huzunguka shule za Kilimanjaro, Manyara na Tanga kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwenzake akishindwa kuingia darasani, yeye ndiye hupigiwa simu, kwa kuwa inajulikana hatakataa.

Kuna utafiti mwingine unaofaa kuwekwa kando ya huo wa kwanza. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson waliwachunguza watunza wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada, watu wanaolipwa kidogo na wengi wao wakiwa na elimu ya chuo. Walioona kazi yao kuwa wito walipata ndani yake maana kubwa zaidi, na papo hapo walikuwa tayari zaidi kutoa muda wao, starehe yao na hata mapato yao kwa ajili ya kazi, kwa sababu waliihesabu kuwa wajibu wa kimaadili. Aidha, walikuwa wepesi wa kuhisi kwamba wakubwa wao wanautumia moyo wao vibaya. Nilipomsomea profesa matokeo hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema hao watunza wanyama angalau simba hawawafuati nyumbani.

Dalili

Dalili zilianza kuonekana katika muhula wa kwanza wa mwaka ambao kisa hiki kinauhusu, na aliyeziona kwanza hakuwa yeye. Mwanafunzi alifika ofisini kuomba kuahirisha jaribio kwa sababu amefiwa na mama. Profesa alimwuliza kama ana barua ya mtendaji wa kijiji. Mwanafunzi akaitoa, profesa akaisoma, akasaini, akamrudishia, na kijana akaondoka. Mhadhiri mwenzake aliyekuwa meza ya pili alisubiri mpaka mlango ulipofungwa, kisha akamwambia: hukumpa pole.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Profesa mwenyewe anasema ndilo lililomtisha, maana kwa miaka mingi amewafundisha wengine kuitambua hali hiyo. Kipimo cha uchovu wa kazi kilichochapishwa na Christina Maslach na Susan Jackson mwaka 1981 kinatazama mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwachukulia watu unaowahudumia kama vitu, na kujiona hufanikishi lolote. La pili ndilo lililokuwa limemfika. Alikuwa ameanza kuwataja wanafunzi wake wa uzamili kwa mada za tasnifu zao, "yule wa utoro" na "yule wa hisabati", na hakuwa amelitambua hilo mpaka siku ya barua.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeuweka uchovu huu kama hali inayotokana na kazi na halikuuita ugonjwa, na limesisitiza kwamba istilahi hiyo itumike kwa mambo ya kazini tu. Kwa mtu anayefunga ofisi yake saa kumi na moja jioni, mpaka huo unaeleweka. Kwa profesa wetu sikuweza kuuona, na hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu.

Foleni ya kibarazani

Nyumbani kwake kuna kibaraza chenye benchi refu la mbao ambalo baba yake alilitengeneza kwa ajili ya wageni. Jioni nyingi lilikuwa na watu. Mzazi mwenye mtoto aliyegoma kwenda shule, mke anayelalamikia ulevi wa mume, mume huyo huyo siku ya pili, kijana anayetaka ushauri asome nini, na mara nyingi mwanafunzi wa chuo anayeishi jirani aliyekuja kuulizia alama zake huku akijifanya ameleta salamu za bibi. Jumapili baada ya misa wengine walimsubiri uwanjani, na siku ya sala ya jumuiya ndogo ndogo yeye ndiye aliyepewa kila jambo lililohitaji busara. Kwa majirani, profesa wa saikolojia ni daktari wa mambo ya akili. Kwamba saikolojia ya elimu ni fani moja na tiba ni fani nyingine si jambo ambalo mtu aliyebeba shida yake kutoka mtaa wa chini atakaa kulisikiliza.

Baada ya tukio la ofisini alijaribu ushauri wa kawaida. Alitangaza saa maalumu za kuonana na wanafunzi. Alijitoa katika makundi ya WhatsApp ya madarasa na kumwachia kiongozi wa darasa kazi ya kupeleka ujumbe. Aliagiza nyumbani kwamba baada ya saa mbili usiku asipokelewe mtu. Mambo hayo yalimpunguzia simu, na hapo yakaishia. Jirani hapangi miadi, na mgeni aliyefika akaambiwa baba amepumzika alikaa benchi na kusubiri, akapewa chai, na mwenye nyumba akiwa ndani alisikia sauti yake na hakupata usingizi. Mwenzake mmoja alimshauri apange nyumba mjini, au hata ahamie Arusha ambako hafahamiki. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema na mtu asiye na kihamba. Ardhi ile haiuzwi kwa urahisi, wazazi wake wamezikwa pale, na kila Desemba ndugu kutoka Dar es Salaam na kwingineko hupanda mlimani wakitarajia kumkuta mtu aliyewasha moto.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko uchovu wenyewe. Miongoni mwa waliokaa kwenye benchi lile walikuwemo wazazi wa kijana aliyekuwa akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kuamini kwamba jirani anamwekea sumu kwenye maji. Profesa alimsikiliza kijana huyo jioni kadhaa. Alijua anachokiona ni dalili za ugonjwa unaohitaji daktari, na alisema hivyo tangu mwanzo, lakini alisema kwa upole mno, na familia, iliyopata faraja kila ilipotoka pale, ilihesabu mazungumzo yenyewe kuwa ndiyo matibabu. Kijana alifika hospitalini baada ya miezi mingi, hali ikiwa imekuwa mbaya. Mji wa Moshi una hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi. Usafiri kutoka kijijini ni daladala moja. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa ukali kidogo, "Hapa kwangu hapatibiwi."

Ninalisema hili bila nia ya kumlaumu mtu aliyejitoa hivyo. Maadili ya taaluma hayakatazi kila uhusiano wa pande mbili; kanuni za chama cha wanasaikolojia cha Marekani zenyewe zinakubali kwamba uhusiano wa namna hiyo hauwi kosa kama hautarajiwi kuharibu kazi au kumdhuru mtu. Katika mji mdogo kanuni kali kuliko hiyo isingefuatwa na yeyote. Lakini jirani, mwalimu na msikilizaji walipokutana katika mtu mmoja kwenye benchi moja, familia haikuweza kujua ni nani kati yao aliyekuwa akizungumza, na wito wa profesa, ule ule uliomfanya asikatae kipindi cha mwenzake, ulimzuia kuwaambia wazi waende kwingine.

Sasa hufanya tofauti. Anayefika na shida ya namna hiyo huambiwa ndani ya dakika chache aende wapi, na mara nyingine mkewe, anayezifahamu taratibu za hospitali, humsindikiza. Baadhi ya majirani wamekasirika. Wanasema amekuwa mkubwa.

Mfongo

Mifongo ni mifereji ya asili ambayo Wachaga wameichimba kwa vizazi vingi kuteremsha maji ya mito ya mlimani hadi vihambani. Kila mfongo una wenyewe, kamati, zamu za maji na siku za kazi, na kaya isiyotuma mtu siku ya kazi hulipa faini. Kwa miaka mingi kaya ya profesa ilikuwa ikitoa fedha badala ya mtu, au ikimtuma kijana wa kazi. Kijana huyo alipoondoka kutafuta maisha Arusha, na kamati ikaamua kwamba msimu huo fedha hazitapokelewa kwa kuwa sehemu kubwa ya mfereji ilibomoka wakati wa masika, ilibidi mwenye nyumba aende.

Alikwenda akidhani atakaribishwa kama mgeni rasmi. Mzee wa kamati ananiambia kwamba siku ya kwanza alimpanga kuhamisha mawe pamoja na vijana, kwa sababu hakuwa na ujuzi wa kitu kingine. Kujenga ukingo wa mfereji katika mteremko mkali kunahitaji jicho: mwinamo ukizidi maji yanakula udongo, ukipungua yanasimama na kuacha tope. Wazee hawatumii kipimo chochote zaidi ya maji yenyewe. Profesa alipojaribu sehemu yake ya kwanza, mzee aliibomoa kwa mguu bila kusema neno, akasogea pembeni, na profesa akaanza upya.

Aliendelea kwenda hata baada ya ukarabati kuisha, na hivi sasa hukagua sehemu yake ya mfereji Jumamosi asubuhi pamoja na wengine wa zamu. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba kule hakuna anayemwuliza kitu.

Jibu hilo linahitaji kufikiriwa. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, katika kipimo walichokichapisha mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu baada ya kazi: kuiondoa kazi akilini, kupumzika, kujifunza na kumudu jambo lingine, na kuwa na uamuzi juu ya muda wake. Mfongo ulimpa la tatu kwa wingi, na kwa hilo akapata la kwanza, kwa kuwa mtu anayeangalia ukingo usibomoke hawezi kuwaza alama za wanafunzi. La pili hakulipata. Alirudi mgongo ukimwuma. La nne lilikuwa kinyume kabisa, maana alipangiwa siku, akapangiwa kazi, na asipokwenda alitozwa. Wanaoandika juu ya mapumziko husisitiza uhuru wa mtu kuchagua, na kwa wengi huenda ni sahihi. Kwa mtu ambaye kutwa nzima watu humngoja aamue, naona kuamuliwa na mwingine lilikuwa pumziko la aina yake, mradi anayeamua analijua jambo kuliko yeye na hana haja na cheo chake.

Patricia Linville wa Marekani aliwahi kutoa hoja, katika maandiko yake ya 1985 na 1987, kwamba mtu mwenye sura nyingi zisizofanana za nafsi yake haumizwi sana jambo likiharibika katika sura mojawapo. Tafiti zilizofuata hazikuiunga mkono hoja hiyo kwa namna moja, nami nadhani kisa hiki kinaonyesha sababu mojawapo. Profesa alikuwa na sura nyingi tangu zamani: baba, jirani, mwanajumuiya, mwana wa ukoo. Zote zilikuwa zimemezwa na ile ya mwalimu, kwa kuwa kila alipokwenda alipewa kiti cha mbele na swali la kujibu. Idadi ya sura haikumsaidia mpaka ilipopatikana moja ambayo ualimu hauna thamani ndani yake.

Jani la sale

Tukio lenyewe lilitokea Agosti ya mwaka uliofuata. Kijana wa mwaka wa pili, mtoto wa jirani anayetumia mfongo ule ule, alipata alama 37 katika kozi ya profesa, wakati kiwango cha kufaulu ni 40. Alikuwa amekosa vipindi vingi, na alipoonywa na profesa mbele ya wenzake alijibu kwa dharau, jambo lililojulikana mpaka kijijini. Jioni moja wazazi wake walifika kibarazani wakiwa na mzee wa ukoo, mbege (pombe ya ndizi), na jani la sale.

Kwa msomaji asiye wa huku, sale ni jani la mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba na juu ya makaburi. Anayeomba msamaha kwa dhati hulileta kwa aliyemkosea, na kulikataa ni jambo zito kuliko kosa lililolileta. Wageni hawakutaja alama. Walisema mtoto amemkosea mwalimu kwa kumjibu vibaya, naye ni mwana wa nyumbani, hivyo wamekuja kuomba ayasahau. Kila mtu aliyekuwapo alielewa kwamba ndani ya hayo ya kusahauliwa zimo alama tatu.

Taratibu za chuo zilikuwa wazi: karatasi zilikuwa zimepitiwa na mtahini wa nje, matokeo yalikuwa njiani kwenda seneti, na mwanafunzi alikuwa na haki ya mtihani wa marudio mwezi Septemba. Profesa alianza kuyaeleza hayo na mkewe anasema aliona nyuso zinavyofunga. Mtahini wa nje na seneti ni watu wasiojulikana pale kibarazani. Kuwataja kulisikika kama mtu anayejificha.

Aliyeokoa jambo ni mzee wa kamati ya mfongo, ambaye alikuwa amepita kuulizia zamu ya maji na akakaribishwa mbege kama kawaida. Aliomba ruhusa ya kusema. Akamwuliza mzee wa ukoo kama anamkumbuka mtu fulani aliyefungulia maji usiku katika zamu isiyo yake, mahindi ya mwenzake yakakauka. Alikumbukwa. Je, alileta sale? Alileta. Alisamehewa? Alisamehewa, na mpaka leo wanakunywa pamoja. Na faini? Faini alilipa. Basi, mzee akasema, mwalimu apokee jani, na kijana alipe.

Profesa alilipokea jani kwa mikono miwili. Alisema kwamba neno la dharau limekwisha, na kwamba faini ya kijana ni mtihani wa Septemba, nao utasahihishwa na mhadhiri mwingine. Mbege ikanywewa. Baba wa kijana hakuridhika usiku ule, na kwa miezi michache salamu zake zilikuwa fupi. Mama aliridhika haraka zaidi. Kijana alifanya mtihani wa marudio na kufaulu.

Angeweza kupata suluhisho hilo bila mfongo? Sidhani. Kanuni ya kutenganisha msamaha na adhabu ilikuwa ikitumika mita chache kutoka nyumbani kwake tangu utoto wake, na aliishi muda wote huo akiwa mtu wa kutoa hukumu bila kuiona, kwa kuwa hakuwa akihudhuria mahali inapotumika. Wala mzee yule asingepita kibarazani kuongea na mtu anayelipa fedha badala ya kuja kazini. Alipita kwa sababu walikuwa na zamu pamoja.

Kilichobadilika darasani, na kisichobadilika

Mambo ya mfongo yalipanda mpaka ukumbini, ingawa kwa kiasi. Nadharia ya Lev Vygotsky kuhusu yale ambayo mtu huyaweza kwa msaada kabla ya kuyaweza peke yake, na uchunguzi wa Jean Lave kuhusu mafundi cherehani wa Liberia na wanagenzi wao, vilikuwa katika mihadhara yake tangu zamani, vikisimuliwa kutoka kitabuni. Sasa huanza na ukingo uliobomolewa kwa mguu, na kuwauliza wanafunzi mzee alijuaje wakati wa kubomoa na wakati wa kuacha. Pia huanza kila kipindi kwa maswali matatu ya kipindi kilichopita, yanayojibiwa kwenye daftari bila kutolewa alama. Msingi wake ni matokeo kama yale ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke ya 2006, kwamba baada ya wiki moja waliojipima hukumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Wanafunzi wamegawanyika juu ya maswali hayo. Wapo wanaolalamika kwamba jambo lisilo na alama ni kupoteza muda, na katika ukumbi wa watu 400 hakuna namna ya kujua ni wangapi wanaandika kweli.

Mzigo wa kazi haukupungua hata kidogo. Kozi ni ile ile, wanafunzi ni wengi zaidi, na ziara za Julai ziko pale pale. Anayesoma kisa hiki na kuona kwamba chuo kinaweza kuwaongezea wahadhiri vipindi mradi wawe na mfongo, atakuwa amekisoma vibaya. Tena profesa ana vitu ambavyo wengi katika idara yake hawana: kihamba cha kurithi, mke mwenye mshahara, cheo ambacho hakuna wa kumnyang'anya. Mhadhiri msaidizi anayepanga chumba Majengo, anayefundisha jioni katika chuo kingine ili kodi itimie, hana Jumamosi ya kupeleka popote, na kumwambia atafute jambo la kujifunza nje ya kazi ni kumwongezea kazi.

Kilichoweza kutolewa katika kisa hiki na kuwafaa wote ni kitu kidogo cha kiutawala. Idara imekubaliana kwamba mwanzoni mwa kila muhula mhadhiri ataandika majina ya wanafunzi ambao ana undugu, ujirani au uhusiano mwingine wa karibu nao, na kazi zao zitasahihishwa na mwingine tangu jaribio la kwanza, bila kusubiri mtu aje na jani. Wahadhiri wanaotoka mikoa ya mbali walirudisha fomu zikiwa tupu. Ya profesa ilijaa ukurasa wa kwanza ikaendelea nyuma, na mkuu wa idara akamwuliza kama kuna kijana yeyote wa Kibosho aliyemwacha. Alijibu kwamba wa upande wa pili wa mto bado hajawaulizia.